Hodi ya Saa Tisa

Mnunuzi alijua.
Kila tukitaja bei, yeye kashaishika mkononi.
Alijua mapipa mangapi ya mafuta ya makonyo
yamelala ghalani kwetu Limbani, Wete,
alijua hata lile lililovuja Jumatano.
Bwana Shaame akamtazama mpakizi,
mpakizi akanitazama mimi,
nami nikaitazama kalamu yangu.
Siku nane hatukunywa chai ya birika moja.

Ndipo akaja Bi Mgeni Faki. Kashuka Mkoani alfajiri,
kaja na gari hadi kwetu, mkoba mmoja begani.
Mgeni ndilo jina lake, kapewa na bibi yake.
“Vitu vingapi humu vinakula mtandao?”
Vitatu, tukasema: kompyuta, printa, simu ya bosi.
Akafungua kidude chake akahesabu kimya
kama mtu anayehesabu rakaa zilizompita.
Kumi na tisa.
Mizani ya ghalani. Kiyoyozi. Televisheni ya wageni.
Kamera mbili, moja tukidhani imekufa.
Na balbu. Balbu, jamani! Ile ya rangi saba
aliyoileta mpwawe Bwana Shaame kutoka Dubai,
juu ya meza yangu, mara kijani, mara zambarau,
nasi tukiishangaa.

“Hii haikufunzwa na mamaye,” akasema,
“na ulimwengu umeshaifunza.
Kila usiku saa tisa mtu huipigia hodi,
nayo humwambia karibu. Haijauliza: nani?
Nywila yake sifuri nne, vile ilivyotoka kiwandani.
Akishaingia kwenye taa, mizani i chumba cha pili.
Nyumba yenu haina ukuta wa ndani.”

Sisi, watu wa hodi!
Sisi tuliofunzwa kabla ya meno ya pili:
hodi mara tatu, pasipo jibu geuka urudi,
wala usichungulie.
Sisi ambao mgeni asiyejulikana hukomea barazani
na kahawa ikamfuata hukohuko,
tumejaza nyumba vitu
vinavyofungua mlango vikiwa usingizini.

Akafanya kazi hadi alasiri.
Kila kitu akakipa nywila yake, ndefu kama ukili.
Wageni na televisheni yao, barazani.
Kiyoyozi na kamera, ukumbini.
Mizani na daftari, ndani, ndani kabisa, nyuma ya pazia.
Atakayekosea hodi mara tatu, mlango utajikomea wenyewe.
Ile kamera haikuwa imekufa.
Ilikuwa ikitazama tu. Akaing'oa kwa bisibisi.
Balbu hakuiponya: “Waliyoiunda wamekwishaisahau,
haitapata dawa tena.”
Akaifungua, akanipa mkononi ingali ya moto.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone!” Bwana Shaame akasema,
tukacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nane.
Mpakizi hakucheka.
Alichukua kanzu yake msumarini akatoka,
na hakuna aliyemwita.

Bi Mgeni akaniuliza kando, sauti ya chini:
“Na nywila ya ruta, nani aliiweka?”
Mimi. Jina la mwanangu, Zuwena, na mwaka aliozaliwa.
Nililiandika kwa wino mwekundu, nikalibandika ukutani
karibu na kalenda, kila mwenye kuja kupima makonyo akalisoma.
Nikaibandua karatasi. Nikalifuta na kwenye mashine,
herufi moja moja, kama ninayemfuta tope usoni.

Nikafika nyumbani isha imekwisha.
Ufunguo ninao mfukoni, lakini nikapiga hodi.
“Nani?” akauliza kutoka ndani.
Nikanyamaza kidogo.
“Nani wewe?” akarudia, na komeo hakuligusa.
Nikasimama kizani mlangoni pangu,
nikifurahi kuulizwa.